Nilivyochagua manette za sans fil kwa wivu, zikanifikisha mbele ya komanda kule Fizi

Wakuu, nawasalimu kutoka Baraka, upande wa ziwa.

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimevuka Tanganyika mara tatu nikiwa na godoro kichwani, na mara tatu nimerudi. Nimeuza sabuni, chumvi, mawese, betri za redio, na hakuna nilichokishika kikanishinda. Shule niliiacha la tano, lakini nyumba yangu ina mabati juu na saruji chini, na hakuna ndugu aliyenipa hata msumari mmoja. Vita imekuja, imeondoka, imerudi, mimi niko. Nilikuwa nawaambia watu wazi kwamba duniani hakujabaki kitu cha kunishangaza.

Kikanishangaza kipande cha plastiki kisicho na waya.

Nasema ukweli wote, hata pale unaponiaibisha. Najua humu ndani kuna watu wa Fizi na Baraka, nikiongeza chumvi mtanisuta. Kiswahili changu ni cha huku kwetu, mtanivumilia.

Hii ni miaka ile kambi ya wakimbizi ya Lusenda ilikuwa imeshajaa, na huko juu milimani makundi yanapigana, leo hili, kesho lile. Mjini unaweza kukaa miezi miwili vizuri, halafu mchana mmoja unasikia masasi, milio ya risasi, na kila mtu anakimbia.

Mimi nilikuwa na salle, chumba cha kulipia michezo ya video. Ya kwanza Baraka, andikeni hivyo. Televisheni mbili, PS3 mbili, groupe, jenereta ya mafuta, nyuma ya nyumba, mabenchi ya mbao niliyochongesha mwenyewe. Manette, vile vishikio vya kuchezea, zote zilikuwa za waya. Watu wazima walikuwa wanakuja: wavuvi, wenye moto, yaani pikipiki, walimu, hata shemasi mmoja.

Sasa siku moja masasi yakalia, watu wakatoka mbio, na mmoja akasahau kwamba ameshika manette. Waya ukavuta mashine kutoka juu ya meza, ikaanguka chini puu. Niliitengenezesha, nikaenda kwa seremala, akazifungia zote mbili ndani ya sanduku la mbao na misumari kwenye meza. Nikasema sasa hata jeshi lije, haianguki.

Hapo ndipo Maître Wilondja akafungua yake.

Huyu Maître ni mwalimu wa shule ya primaire, mtu mwembamba, anayeongea polepole kama anayesoma imla. Mshahara wa mwalimu mnaujua, unafika kama mvua ya mwezi wa saba. Akaweka PS3 moja na kascreen kadogo ndani ya salon ya nyumba yake, ng'ambo ya barabara, karibu uso kwa uso na mimi. Screen moja tu. Hana benchi, watu wanakaa kwenye mkeka. Lakini manette zake ni sans fil, hazina waya, na si za kampuni ya mashine yenyewe, ni za kampuni nyingine ambayo hakuna anayeijua.

Watu wakaanza kuvuka barabara.

Kwa kuwa ni salon ya mtu, walikuwa wanavua sandali mlangoni. Mimi nikaanza kuhesabu sandali. Asubuhi jozi nne, saa kumi jozi tisa. Nilikuwa namjua mwenyewe wa kila jozi: zile za kamba ya buluu ni za Esube, mvuvi, ambaye amecheza kwangu tangu siku ya kwanza. Nilijifanya naenda kununua unités, vocha za simu, napita, nahesabu, narudi, napita tena.

Mke wangu akaniona.

"Papa Riziki, tangu asubuhi umenunua unités mara tano. Unapigia nani?"

"Kazi."

"Kazi gani, ya kuchunga viatu vya bantu?"

Nikatoka kununua ya sita. Wakuu, wivu ni kitu cha ajabu. Nilikuwa na televisheni mbili, yeye kamoja. Nilikuwa na nyumba ya saruji, yeye ya matofali ya udongo. Na bado nilikuwa nalala nikifikiria mkeka wake.

Nikajiambia siri ni manette. Wakikaa kwenye mkeka mbali na screen, miguu imenyooshwa, hakuna waya wa kuruka, nani atarudi kwenye benchi langu? Basi nikanunue sans fil.

Nikaenda kumuuliza yeye mwenyewe, nikijua atanificha. Mimi ningemficha.

"Yaya, karibu ukae," akaniambia; yaya huku ni kaka mkubwa. Akachukua kalamu, akararua karatasi ya daftari, akaniandikia kama anayesahihisha mtihani. "Zile za kuchaji achana nazo, courant yetu ya umeme iko ya kubahatisha. Chukua zenye kuingia mabetri ya toshi, mbili mbili. Betri ya toshi haikosekanake hata ku Lubondja. Na usipende mataa mengi, inakula betri bule. Tena mbele ya kununua uzungushe vile bijiti bya kidole gumba pole pole ku sikio. Ukisikia kama muchanga, irudishe."

Alinieleza na kale kakipande ka USB kanakochomekwa kwenye mashine ili isikie manette, kwamba kila manette ina kake, nikipoteza kamoja manette imekufa.

Mnaona alivyo? Mtu anakupa siri ya kazi yake bila hata kukunja uso. Iliniuma kuliko kama angenifukuza. Nikasema huyu ananidanganya, anataka ninunue mbovu.

Kwa hiyo nilipofika Uvira, nikanunua kinyume cha karatasi.

Muuzaji alinipangia meza nzima. Original zilikuwa bei ya mbuzi, nikaziruka. Kati ya zile za kampuni nyingine, nikaona moja nzito, ina taa ya kijani, nyekundu, buluu, inatetemeka mkononi kama samaki. Ya kuchaji. Nikachukua nne. Nikarudi Baraka kwa mtumbwi wa mashine nikizikumbatia.

Siku ya kwanza salle ilijaa. Taa zile zilipendeza. Halafu mchezo ukaanza.

Unabonyeza kupiga, mchezaji wa kwenye screen anafikiria kwanza. Unapiga sasa, mpira unaondoka baadaye. Esube alikuwa amevuka barabara kuja kujaribu, akapiga penalti, akaweka manette chini, akaongea na jirani yake, ndipo mpira ukaondoka.

"Papa Riziki," akasema, "hii manette yako ilisomea wapi? Iko inatafsiri kwanza mu kifaransa."

Watu wakacheka mpaka wengine wakatoka nje. Saa mbili baadaye charge ikaisha zote nne kwa pamoja, na groupe sikuwa nimeiwekea mafuta ya kutosha. Sandali zikarudi ng'ambo.

Nikarudi Uvira. Muuzaji akakubali kuzichukua tena kwa nusu ya thamani, na mimi nikatoa karatasi ya Maître mfukoni, nikampa asome yeye, maana mwandiko wa kuungana unanisumbua. Betri za toshi. Taa moja tu ndogo nyekundu. Nikaziweka sikioni moja moja kama mtu anayesikiliza saa. Nne zikapita.

Zilikuwa nzuri, nakiri. Nyepesi, hazina maringo, ukibonyeza inapiga. Kama unatafuta manette ya kampuni nyingine na unaishi mahali umeme ni hadithi, chukua za hivyo, usitazame sura. Huo ni ushauri wa bure.

Watu wakaanza kurudi kidogo kidogo, maana mimi nina screen mbili na yeye foleni. Esube naye akarudi. Nikahesabu sandali ng'ambo: sita. Nne. Nikala fufu vizuri wiki ile.

Sasa akili yangu ya biashara ikaamka. Manette ya waya haiwezi kuibwa, imefungwa. Hii ya sans fil mtu anaitia mfukoni tu. Nikaweka sheria: ukitaka kucheza, acha gaji, kitu cha rehani. Na gaji yenyewe ni karte ya kupigia kura.

Kwa ambao si wa huku: hiyo karte ndiyo kitambulisho chetu, hakuna kingine. Ukiombwa kitambulisho barabarani, ni hiyo. Kwa hiyo nikajua hakuna atakayeitupa kwa ajili ya manette. Nikatafuta kopo la biskuti, nikawa nazipanga humo. Unaingia, unatoa karte, unacheza, unarudisha manette, unachukua karte. Niliona nimevumbua kitu. Nikavuka barabara nikamwambia Maître, ili ajue kuna watu hawakusoma lakini wanafikiri.

Akaweka daftari chini.

"Yaya, karte ya muntu haiwekwake gaji. Siku ya masasi atapita nayo wapi?"

"Na wewe unaweka gaji gani?"

"Mi najua majina yabo," akasema.

Nikarudi nikicheka moyoni. Nikamwambia mke wangu, umeona, sasa ni yeye ananionea wivu.

Haukupita mwezi. Ilikuwa saa tisa mchana, mechi ziko katikati, masasi yakalia upande wa juu, si mbali. Mnajua inavyokuwa. Hakuna anayesema tukimbie, unakuta tu miguu iko barabarani. Mimi nilishika mkono wa mke wangu na kopo la karte chini ya kwapa, kwa mazoea ya kushika mali, tukashuka ziwani. Sanduku la seremala lilifanya kazi yake, mashine hazikuanguka. Lakini manette nne ziliondoka na watu, kila moja mkono wake.

Siku ya tatu pakatulia, tukarudi. Nyumba iko, salle iko. Nikakaa mlangoni na kopo kwenye magoti, nikangoja.

Ng'ambo nako manette zote tatu zilikuwa zimekimbia. Sasa sikilizeni. Ya kwanza ililetwa na mtu wa baiskeli kutoka Lusenda, imefungwa kwenye sacheti ya plastiki, na ujumbe kwamba aliyeshika anamsalimia Maître. Ya pili ililetwa na bibi mmoja mzee, ameifunga kwenye pindo la kitenge kama pesa ya sadaka. Ya tatu, aliyekimbia nayo aliileta mwenyewe, ameshaitia betri mpya.

Mimi nilikuwa nimekaa na kopo, naona yote. Nikakaza mfuniko wa kopo.

Zangu nazo zikaja, tatu. Lakini si vile. Mtu anafika, hakai, hasalimii, anaweka manette kwenye benchi, ananyoosha mkono.

"Karte yangu."

Mmoja alikuwa na jicho limevimba. Nikamuuliza nini. Akasema, "Uliza kopo lako." Akavuka barabara.

Ya nne haikuja. Ya Esube. Nikasema huyo sasa ni mwizi, nimempata. Nikaanza kuwatangazia wapita njia.

Mchana huohuo akaja mke wake, amejifunga mtoto mgongoni, miguu yote vumbi.

"Papa, Esube beko naye kule Fizi. Bamemushika ku bariyeri ya barabara. Hana karte, na banasema bamemukuta na motorola."

Motorola huku ni ile redio ya vita, ya kuongelea msituni. Ukikutwa nayo na huna kitambulisho, si mambo ya kuchekesha. Kuna watu walishikwa kwa hivyo na hawakuonekana tena.

Nikafungua kopo. Karte ilikuwa imebaki moja. Sura yake kwenye picha ilikuwa inanitazama.

Maître alikuwa ameshavuka barabara, alikuwa amemsikia yule mama. Akasema, "Twende wawili. Nilimufundisha, na kifaransa nitasaidia."

Nikakataa. Nawaambia ukweli kama nilivyoahidi: mtu yuko hatarini, na mimi nilichofikiria ni kwamba huyu akienda, ndiye atasemwa amemtoa. Nikachukua moto, nikapanda Fizi peke yangu.

Nikampata Esube amekaa chini nyuma ya nyumba ya mabati, mikono imefungwa, mdomo umepasuka. Wale waliomshika sitawataja ni wa upande gani, haitusaidii. Komanda wao alikuwa kijana kuliko mimi. Juu ya meza yake kulikuwa na manette yangu.

"We njo patron yake?"

"Ndiyo, komanda. Na karte yake hii hapa."

Akaigeuza. "Juu ya nini karte ya muntu iko kwako?"

"Ni gaji, komanda."

"Gaji ya nini?"

"Ya hii manette. Ni ya kuchezea mpira."

"Waya yake iko wapi?"

"Haina waya. Ni sans fil."

Nilipotamka sans fil, wale wengine wakageuka wote. Sikujua neno hilo lina uzito namna hiyo. Kwangu mimi ni neno la dukani, kwao ni redio.

Komanda akabonyeza katikati. Kale kataa kekundu kakaanza kupepesa.

"Iko inafanya nini?"

"Inatafuta, komanda."

"Inatafuta nani?"

"Mashine yake."

"Mashine yake iko wapi?"

"Iko Baraka."

Akawatazama wenzake. "Basi inaongea na Baraka."

Wakuu, nilikuwa najichongea mwenyewe. Mimi ambaye naweza kumuuzia samaki maji. Kila nilichosema kilikuwa kweli na kila kilichokuwa kweli kilitufunga zaidi. Wakanikalisha chini kando ya Esube. Yeye akageuza shingo, akaniambia polepole, "Papa Riziki, ungebaki ku nyumba."

Wakaniruhusu kupiga simu moja. Nikampigia mke wangu nikamwambia alete mashine na screen, waone ni mchezo. Akaniambia, "Mashine gani? Ile umepiga misumari ku meza?" Akakata.

Tulikaa pale mpaka kesho yake saa tano. Ndipo nikaona moto inapanda, na nyuma Maître Wilondja, PS3 yake ndani ya begi la shule, kascreen kamefungwa mgongoni kwa kitenge cha mke wake kama mtoto. Na mfukoni ameweka kale ka USB ka manette yangu, alikachomoa kwenye sanduku langu kwa vidole, maana bila hako mashine isingeisikia manette. Mimi nisingekumbuka.

Na hapo, nimekaa kwenye vumbi, tumbo tupu, nikamwonea wivu jinsi alivyofunga ile screen. Kweli kabisa.

Akasalimia kila mmoja, akauliza jina la kila mmoja. Akaomba ruhusa ya kuchomeka kwenye groupe yao. Mchezo ukawaka. Manette ikaacha kupepesa, taa ikatulia. Akampa komanda, akamwonyesha kupasi, kupiga, kukimbia.

"Acha bamufungue Esube acheze na wewe, komanda," akasema. "Mimi ni mubaya, hautafurahi."

Wakamfungua. Esube, na mdomo ule uliopasuka, akacheza na komanda. Alijua kujiachia afungwe bila kuonekana. Komanda mbili, Esube moja. Komanda akacheka, akamrudishia Esube karte kwa mkono wake mwenyewe.

Tukaambiwa twende. Sisi, lakini si mashine. Mashine, screen na manette yangu vinabaki kwa uchunguzi. Maître akasema asante, akachukua begi lake tupu.

Njia nzima ya kushuka hakuniambia neno la lawama. Alikuwa anamuuliza Esube habari za nyavu zake.

Salon ya Maître ikafungwa. Mlangoni hakuna hata sandali moja. Wakuu, ndicho nilichokiomba miezi yote. Watu wote wakawa kwangu, screen zote mbili zimejaa. Na wakikaa kwenye benchi langu wanaongea habari zake. Maître atapata lini nyingine. Maître alifunga screen mgongoni. Maître alimwambia komanda hivi. Esube aliingia mara moja, akatazama kopo la biskuti, akatoka.

Nilivumilia siku kumi na moja. Halafu nikaenda Uvira, nikamnunulia PS3 na screen, kubwa kidogo kuliko ile ya kwanza. Msiniite mwema. Nilichoka kusikia jina lake ndani ya salle yangu, nikaona heri wakaliseme kwake. Alipopokea alishika mkono wangu kwa mikono miwili, mpaka leo sijui niuweke wapi.

Sasa wamerudi ng'ambo wote. Mimi nimebaki na wachache wanaopenda benchi.

Nilichojifunza: manette ya kampuni nyingine si mbaya, ichague kwa betri na kwa sikio, si kwa taa. Kabla ya kuilaumu, chomeka USB yake. Ukiwa mahali penye masasi, usitembee nayo mfukoni, na mbele ya mwenye bunduki usitamke sans fil. Na karte ya mtu usiishike hata dakika moja. Afadhali manette ipotee.

Waliopitia ya namna hii waseme, na wanaonicheka nao waseme, nimeshazoea. Mwenye salle anieleze yeye anafanyaje watu warudi, maana hilo bado sijalipatia jibu.

Kuna atakayeuliza bei. Uvira wanauza manette moja dola kumi na nne. Mimi hiyo moja ya Esube, hadi aliporudi kwake na Maître alipofungua mlango wake tena, imenigharimu dola mia tatu arobaini na saba, na faranga elfu mbili na mia tano.